Philippe Thys na miaka mine iliyopotea: bingwa wa kinga, vita, na bonde letu la Ruzizi



Kwenye masomo ya historia tulijifunza Wabelgiji wa aina tatu tu: mufalme, gavana na padri. Tulikariri Léopold II, tukakariri Albert I, tukaandika tarehe kwenye daftari, tukafaulu mutihani, basi. Lakini Ubelgiji ilikuwa pia inchi ya watoto wa wafanyakazi, watu wa mikono michafu, waliotafuta maisha kwa nguvu ya miguu yao. Leo nataka tuongee juu ya mumoja wao. Anaitwa Philippe Thys. Ni mutu wa kwanza duniani kushinda Tour de France mara tatu.

Mutu anaweza kuuliza: sasa huyu anatuhusu nini sisi hapa bondeni? Anatuhusu juu ya kitu kimoja: vita ilimunyanganya miaka yake mizuri ya ujana. Na ile vita iliyomunyanganya ilifika mupaka hapa kwetu, kwenye muto Ruzizi. Tusome pole pole, tutaona namna hizi hadisi mbili zinakutana.

1. Mutoto wa Anderlecht

Thys alizaliwa mwaka 1889 kule Anderlecht, pembeni ya muji wa Brussels. Wapenzi wa mupira wanaijua Anderlecht kwa timu yake, lakini wakati ule kinga ndiyo ilikuwa mupira wa watu wadogo. Mwaka 1910, akiwa na miaka kama 20, alishinda mashindano ya kwanza ya taifa la Ubelgiji ya kukimbiza kinga katika matope na mashamba. Mwaka uliofuata akashinda mashindano kadhaa kule Ufaransa, na kampuni ya baiskeli ya Peugeot ikamuchukua. Mwaka 1912 akaingia Tour de France kwa mara ya kwanza, akamaliza wa sita.

Kwa asiyejua: Tour de France ni mashindano ya kuzunguka inchi ya Ufaransa kwa kinga. Ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti moja la michezo la Paris, L'Auto, lililotaka kuuza nakala nyingi zaidi. Mukubwa wake alikuwa Henri Desgrange, mutu mukali ambaye sheria zake zilikuwa ngumu kama za jeshi. Safari inagawanywa kwa hatua, ao etape kama tunavyosema. Kila etape wanapima saa ya kila mukimbizaji, na mwisho yule mwenye saa ndogo kuliko wote njo mushindi.

Usifikirie Tour ya leo unayoona kwenye televisheni, na magari nyuma, na mafundi wanaoruka na tairi mupya mukononi. Wakati wa Thys etape zilikuwa 15, na jumla ya njia ilipita kilometa 5,000. Etape moja iliweza kufika kilometa 470. Piga hesabu: ukitoka Bukavu mupaka Uvira, ukarudi tena Bukavu, ungali hujafika kilometa 470. Na wao walifanya ile kwa siku moja. Walianza usiku, saa nane ao saa tisa, giza totoro, barabara za vumbi na mawe. Vyombo vya kubadilisha mwendo wa mnyororo vilikatazwa: Tour ilivikubali mwaka 1937 tu. Mulima ukifika, unasukuma kwa nguvu zako, ao unashuka unatembea kwa miguu.

Sheria iliyowaumiza zaidi ilikuwa hii: kinga ikiharibika, unaitengeneza wewe mwenyewe. Hakuna kusaidiwa. Ukishika tu mukono wa mutu mwingine, wanakuongezea dakika za azabu.

2. Mwaka 1913: mushindi ni yule anayefika

Mwaka 1913 kulikuwa na watu wenye nguvu kumupita Thys. Mufaransa Eugène Christophe alikuwa anaenda vizuri sana mupaka walipofika mulima Tourmalet, katika milima ya Pyrénées. Tourmalet inapita meta 2,100 juu ya bahari. Wakati wa kushuka, uma wa mbele wa kinga yake, kile chuma kinachoshika gurudumu, ukavunjika. Christophe akabeba kinga kwenye bega, akatembea kilometa zaidi ya kumi mupaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Pale akapata nyumba ya muhunzi. Muhunzi hakuwa na ruhusa ya kugusa. Christophe mwenyewe akatia chuma ndani ya moto, akapiga nyundo, wasimamizi wa mashindano wamesimama wanamuangalia. Mutoto mudogo alimusaidia kuvuta mivuo ya moto, na kwa kosa lile Christophe akapewa azabu ya dakika. Alikwisha kupoteza masaa. Tour yake ikafia pale.

Alikuwepo tena Mubelgiji mwenzake Thys, Marcel Buysse. Huyo alishinda etape sita mwaka ule, kuliko kila mutu. Lakini usukani wa kinga yake ulivunjika njiani, akapoteza masaa mengi, akamaliza wa tatu.

Na Thys? Naye shida ilimukuta. Siku ya etape ya mbele ya mwisho, kutoka Longuyon kwenda Dunkerque, alianguka vibaya, na uma wa kinga yake ukavunjika. Akatafuta fundi, wakatengeneza, akapewa azabu ya dakika kumi. Lakini yeye alikuwa amejiwekea akiba. Siku zote zilizotangulia alikuwa amekimbia kwa akili: hakutumia nguvu yote siku moja, hakutafuta kupigiwa makofi kwenye kila mulima. Hivyo siku mbaya ilipofika, akiba ilitosha. Alishinda Tour kwa dakika 8 na sekunde 37 mbele ya Gustave Garrigou wa Ufaransa.

Watu walimupa jina la «le Basset», aina ya imbwa ya kuwinda yenye miguu mifupi, juu alikuwa anainama chini sana juu ya kinga yake. Jina si la sifa kubwa. Lakini ile imbwa inajulikana kwa kitu kimoja: ikikamata harufu, haiachi.

Kuna hadisi moja ambayo Thys mwenyewe aliisimulia alipokuwa mutu mukubwa, katika miaka ya 1950. Alisema kwamba mwaka 1913 Desgrange alimuomba avae maliyo ya rangi ya manjano ili watu wamutambue anayeongoza. Thys akakataa: akivaa rangi ile, adui zake wote watamuona toka mbali. Kisha mukubwa wa timu yake akamubembeleza kwamba itakuwa matangazo mazuri kwa kampuni, akakubali. Hesabu rasmi inasema maliyo ya manjano ilianza mwaka 1919, na Christophe ndiye alikuwa wa kwanza kuivaa. Kila mutu achague anayemuamini. Lakini ona ile sababu ya kwanza ya kukataa: sitaki kuonekana, nataka kufika. Ile njo Thys.

3. Siku ya tarehe 28 mwezi wa sita 1914

Sasa tunafika kwenye siku ambayo kila mwanafunzi wa historia anaijua, lakini kwa sababu ingine.

Tarehe 28 mwezi wa sita 1914, saa tisa za usiku, wakimbizaji 145 waliondoka Paris kuanza Tour ya mwaka ule. Masaa machache kisha, kule Sarajevo, kijana mumoja Muserbia alimupiga risasi Franz Ferdinand, aliyetazamiwa kuwa mufalme wa Austria-Hungary. Siku moja, asubuhi moja. Wakati dunia ilikuwa inaanza kuwaka moto, Thys alikuwa anasukuma kinga kuelekea Le Havre, kilometa 388. Alishinda ile etape ya kwanza.

Kwa mwezi muzima wafalme na mawaziri walitumiana barua za vitisho, na kwa mwezi muzima wakimbizaji walizunguka Ufaransa. Thys aliongoza toka mwanzo mupaka mwisho. Lakini mwisho ilimutoka jasho. Kwenye etape ya mbele ya mwisho gurudumu lake liliharibika, akachukua ingine bila ruhusa. Azabu: dakika 30. Alikuwa mbele ya Mufaransa Henri Pélissier kwa dakika 31 na sekunde 50. Ondoa 30, inabaki dakika 1 na sekunde 50. Baada ya kilometa zaidi ya 5,000, bingwa alikuwa na dakika moja na kidogo mukononi. Siku ya mwisho hakumuacha Pélissier aende peke yake, akafika Paris na zile sekunde zake zote. Mara ya pili mushindi.

Ilikuwa tarehe 26 mwezi wa saba 1914. Siku mbili kisha, Austria ikatangaza vita juu ya Serbia. Tarehe 4 mwezi wa nane, jeshi la Ujerumani likaingia Ubelgiji, inchi ya Thys. Wengi kati ya wale vijana waliomaliza Tour pamoja walivaa nguo za jeshi bila hata kupumzisha miguu.

Hakukuwa na Tour mwaka 1915. Wala 1916. Wala 1917. Wala 1918. Thys alikuwa na miaka kati ya 25 na 29. Mutu yeyote wa michezo atakuambia: ile njo miaka ambayo mwili unatoa kila kitu.

Na yeye alikuwa na bahati, alibaki na uhai. Washindi watatu wa Tour wa zamani walikufa katika vita ile. François Faber, aliyeshinda mwaka 1909, aliuawa mwezi wa tano 1915. Octave Lapize, wa mwaka 1910, alikuwa rubani: ndege yake ilipigwa mwezi wa saba 1917. Lucien Petit-Breton, aliyeshinda mwaka 1907 na 1908, alikufa katika ajali ya gari wakati wa utumishi wa jeshi, mwezi wa kumi na mbili 1917.

4. Vita ile ile, bonde letu

Hapa tuache Bulaya kidogo, turudi nyumbani. Maana vitabu vingi vinafanya kama vita ile ilikuwa ya Wazungu tu, kule kwenye matope ya Flandres. Si kweli. Wakati ule ngambo moja ya Ruzizi ilikuwa Kongo ya Wabelgiji, ngambo ingine ilikuwa ya Wajerumani: Rwanda na Burundi za leo zilikuwa ndani ya koloni lao la Afrika ya Mashariki. Sisi watu wa Kamanyola tunajua mupaka ule ni kitu gani. Unasimama hapa, unaona inchi mbili zingine kwa macho yako. Mwaka 1914 mupaka ule ukageuka kuwa mustari wa vita.

Mwezi wa nane 1914 Wajerumani walishambulia upande wa Kongo kwenye ziwa Tanganyika. Mwezi wa tisa wakakamata kisiwa cha Idjwi, hapo juu kwenye ziwa Kivu. Mwaka 1916 Wabelgiji wakajibu. Jenerali Tombeur aliongoza Force Publique, jeshi la koloni, lenye askari weusi zaidi ya 10,000 chini ya maofisa wazungu. Sehemu moja ilipita kaskazini, ikaingia Kigali mwezi wa tano. Sehemu ingine, iliyoongozwa na Olsen, Mudanemark aliyekuwa katika utumishi wa Wabelgiji, ilivuka Ruzizi yetu. Mwezi wa sita iliingia Usumbura, Bujumbura ya leo, kisha Gitega. Tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 jeshi lile lilikamata Tabora, ndani kabisa ya Tanzania ya leo.

Ubelgiji ilijivunia sana Tabora. Lakini jiulize: risasi, unga, maturubai, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vile vilifika Tabora namna gani? Barabara za magari hazikuwepo. Punda na ngombe walikufa na magonjwa. Vilifika juu ya vichwa vya watu. Wanahistoria wanataja wapagazi zaidi ya 200,000 waliochukuliwa na upande wa Wabelgiji katika vita ile. Walitolewa vijijini, wengine kwa kamba shingoni. Walikufa na njaa, na kuharisha, na baridi ya milima, kuliko risasi. Kati yao walikuwepo vijana wenye umri sawa na Thys. Wao pia walikuwa na miguu yenye nguvu. Wao pia walitembea maelfu ya kilometa.

Tofauti ni hii: ya Thys tunajua mupaka sekunde. Dakika 8 na sekunde 37. Dakika 1 na sekunde 50. Ya wapagazi wetu hatujui hata majina.

5. Neno moja juu ya mupira wa tairi

Kuna kamba ingine inayofunga kinga ya Bulaya na inchi yetu, na hatuwezi kuiruka.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, muganga wa wanyama kule Belfast, alichukua hati ya tairi la mupira lenye upepo ndani. Kwa miaka michache kinga ikawa kitu laini, kitu cha haraka, na dunia nzima ikaitaka. Mupira ukapanda bei. Na ule mupira ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye pori, Amazonia na Kongo ya Léopold II. Tunajua yaliyotokea: vijiji vilivyolazimishwa kuleta kilo kadhaa, wake waliofungwa mupaka waume warudi na mupira, mikono iliyokatwa. Ile azabu ilipiga zaidi misitu ya Équateur na mabonde ya magharibi kuliko huku kwetu, lakini ni inchi moja. Makelele ya dunia yalipozidi, mwaka 1908 taifa la Ubelgiji lilimunyanganya mufalme koloni lake.

Tuwe wa haki. Thys alipoanza kushinda, mwaka 1913, mupira wa mashamba ya Asia ulikuwa umekwisha kushinda ule wa pori. Siwezi kukuambia kwamba tairi yake ilikuwa na damu ya Kongo. Hakuna ushahidi, na sisi watu wa masomo hatusemi kitu bila ushahidi. Lakini mashindano ya kinga yenyewe, ule mchezo uliozaa mabingwa wa Ubelgiji, ulikua ukipanda juu ya mupira wa miaka ile ya azabu. Thys mutoto wa Anderlecht hakuchagua hiyo. Lakini tukisoma historia yake bila kusema hiyo, tutakuwa tumesoma nusu.

6. Mwaka 1920: yaliyobaki

Vita iliisha mwezi wa kumi na moja 1918. Wakati vita ingali inaendelea, Thys alikuwa ameshinda mashindano machache yaliyobaki: Paris–Tours mwaka 1917 na 1918, na ile ya Lombardia, kule Italia, mwaka 1917. Tour ikarudi tarehe 29 mwezi wa sita 1919, siku moja tu kisha ya mukataba wa Versailles kutiwa saini. Barabara zilikuwa mashimo ya mabomu. Viwanda havikuwa na chuma wala tairi za kutosha. Kati ya watu karibu 70 walioanza, walimaliza 11 tu, na mumoja kati yao akaondolewa kisha juu ya kuvunja sheria. Mubelgiji Firmin Lambot akashinda.

Na Thys? Aliacha siku ya kwanza kabisa. Mugonjwa, mwili haukuwa tayari. Desgrange hakumuhurumia. Kwenye gazeti lake aliandika kwamba bingwa amekuwa bwana mudogo wa kukaa nyumbani, amepoteza mapendo ya kinga.

Ndugu, fikiria. Umeshinda mara mbili. Vita imekula miaka yako mine. Unarudi, unaanguka siku ya kwanza, na mukubwa wa kazi anakuandika mbele ya Ufaransa nzima kwamba wewe ni muvivu. Wangapi kati yetu wangesema basi, nimeisha?

Thys hakujibu kwa maneno. Alipanda kinga wakati wa baridi, wakati wengine walikuwa wanangojea jua, akafanya mazoezi miezi mingi. Mwezi wa sita 1920 akaja kwenye Tour. Aliongoza kuanzia etape ya pili mupaka Paris. Alishinda kwa dakika 57 mbele ya Mubelgiji mwenzake Hector Heusghem. Wabelgiji walichukua nafasi saba za kwanza, zote. Kati ya mwaka 1912 na 1922 kila Tour iliyokimbizwa ilishindwa na Mubelgiji: saba mufululizo.

Ushindi wa tatu. Hakuna mutu aliyewahi kufanya hivyo. Ilipita miaka 35 kabla Louison Bobet wa Ufaransa hajamufikia, mwaka 1955. Jacques Anquetil akamupita mwaka 1963. Thys aliona yote hayo kwa macho yake. Alimuona hata Eddy Merckx akishinda mara zake mbili za kwanza, mwaka 1969 na 1970. Alikufa tarehe 16 mwezi wa kwanza 1971. Mwaka ule ule, mwezi wa kumi, inchi yetu ikabadilishwa jina, ikaitwa Zaire.

Sasa kitu ninachotaka ushike: ni yule yule Desgrange, mukali, aliyemutukana mwaka 1919, ambaye mwaka 1920 aliandika kwamba kama si vita, yule mutu wa Anderlecht angekuwa anasherehekea Tour yake ya tano ao ya sita, si ya tatu. Yaani alikaa akapiga hesabu ya kile vita ilichokula. Akaiandika. Na juu aliiandika, njo maana mpaka leo, miaka zaidi ya mia moja kisha, kila anayeandika juu ya Thys anaongeza lile neno: kama si vita.

7. Sisi nani anatuhesabia?

Jina la Kamanyola linajulikana Kongo nzima. Mwaka 1964 walipigana kwenye daraja letu, na Mobutu akalifanya jina la sifa: divizio ya jeshi iliitwa Kamanyola, mashua yake iliitwa Kamanyola, hata uwanja mukubwa wa mupira wa Kinshasa uliitwa hivyo kabla haujaitwa Stade des Martyrs. Ulimwengu unalijua jina letu juu ya vita. Kisha ikaja 1996. Ikaja 1998. Mwaka 2025 vita ikafika tena katika bonde.

Kila mara vita inapopita, kuna hesabu ya vijiji vilivyochomwa na watu waliokufa. Hata hiyo haitoshi, lakini inafanywa. Kuna hesabu moja ambayo hakuna anayeifanya: ya miaka. Mwanafunzi aliyepaswa kumaliza kwa miaka mitatu akamaliza kwa saba. Dada aliyeacha masomo mwaka wa pili juu barabara ilifungwa, na wakati barabara ilifunguliwa alikuwa na watoto wawili. Kijana mwenye diploma ya uchumi anayebeba watu kwa kinga barabarani, si juu ya uvivu, ni juu ofisi aliyotazamia kufanya kazi haipo tena. Wakubwa wanapita wanasema: vijana wa leo hawana mapendo ya kazi. Ni lile lile neno la Desgrange la mwaka 1919.

Sitaki kumaliza kwa kusema «fanyeni bidii kama Thys, mutashinda». Ile ni uongo nusu. Thys alirudi kwa bidii yake, ndiyo, lakini alirudi pia juu vita iliisha kweli, inchi yake ilijengwa tena, kampuni ilimurudishia kinga, na Tour ilikuwepo ya kukimbia. Mupagazi aliyerudi kutoka Tabora na miguu ya vidonda, alirudi kwenye nini? Bidii peke yake haitoshi kama hakuna barabara ya kukimbilia. Tusidanganyane.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hatuna haja ya kungojea amani ili tukifanye. Kuandika. Thys alikuwa na gazeti la kumuhesabia. Sisi tuko na kalamu, tuko na simu, tuko na masomo. Wazee waliosikia kwa baba zao hadisi ya wapagazi wa Ruzizi wangali wako wachache, Nyangezi, Luvungi, Kamanyola. Waliopigana ao kukimbia mwaka 1964 wangali wako. Wanafunzi wenzetu waliopoteza miaka wako hapa kati yetu, majina yao tunayajua. Nenda kaa na mumoja. Uliza: mwaka gani ulianza, mwaka gani ulisimama, juu ya nini, ulirudi lini, hukurudi kwa nini. Andika tarehe. Andika namba, kama walivyoandika dakika na sekunde za Thys.

Mwezi wa tisa 2025 mashindano ya dunia ya kinga yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Mubelgiji Remco Evenepoel, ambaye utotoni alicheza mupira Anderlecht, alishinda mbio za kupima saa. Ilikuwa hapa karibu, ngambo ya milima hii tunayoona kila asubuhi. Siku moja mutoto wa bonde hili naye atapanda Ngomo kwa kinga na saa itapimwa. Siku ile watu watauliza: wale waliomutangulia walikuwa nani, na kwa nini hawakufika? Jibu liwe limekwisha kuandikwa.